Balotelli: ni ukorofi kweli uliomwangusha, au kuna kingine?

Mzee wa Kona
Wakuu habari za jioni. Kijiweni kwetu umetokea ubishi kuhusu Mario Balotelli, yule straika wa Italia, na sijaridhika nao ndo maana nauleta huku. Wenzangu wote wanasema jamaa alikuwa fundi ila ukichaa ndo ulimmaliza, basi, kesi imefungwa. Mimi naona hilo jibu ni jepesi mno. Mtu 2010 kachukua Golden Boy, tuzo ya kijana bora Ulaya, katoka Inter kubeba makombe matatu msimu mmoja, Juni 2012 akiwa na miaka 21 kaipiga Ujerumani mbili nusu fainali ya Euro pale Warsaw. Ya kwanza kichwa, krosi ya Cassano. Ya pili Montolivo katoa mpira mrefu kutoka nyuma, jamaa kawaacha mabeki, kaachia kombora Neuer kabaki anautazama. Januari 2013 kaenda Milan, mabao 12 mechi 13 za ligi. Halafu 2014 anatua Liverpool, bao 1 la ligi kwenye mechi 16. Moja! Huo ukichaa alikuwa nao tangu Inter na mabao alikuwa anafunga, sasa hapo katikati kilitokea nini? Naomba walioufuatilia mpira wa kipindi kile wanijibu kwa hoja.

Beki Tatu
Mkuu mimi nipo upande wa wenzako wa kijiweni. Ukorofi sio stori za magazeti tu, una bei yake na wanaoilipa ni wenzake. Machi 2011 Manchester City, timu yake wakati ule, wanacheza na Dynamo Kyiv kombe la Europa, wamefungwa 2-0 kule Ukraine wanatakiwa kupindua, dakika ya 36 huyu bwana anamrukia Popov wa Dynamo teke la kifua. Nyekundu. City wameshinda 1-0 wakiwa kumi na wametolewa. Aprili 2012 Emirates, kwa Arsenal, anamkanyaga Song mapema mwamuzi hakuona, mwisho wa mechi njano ya pili kwa faulo ya Sagna, City wamepigwa 1-0, Manchester United wakawa mbele yao pointi nane zimebaki mechi sita. Mancini, kocha wa City, alishasema pale kwamba hamtaki tena. Na usisahau Inter, siku wamemfunga Barcelona 3-1 nusu fainali San Siro, uwanja mzima unashangilia yeye anavua jezi anaitupa chini kwa sababu mashabiki walimzomea alivyoingia. Kocha gani atajenga timu juu ya mtu kama huyo? Ile siku ya QPR, mechi ya mwisho ya ligi 2012, aliingia kwa sababu City walikuwa wanakufa tu.

Nje ya Boksi
Beki Tatu hayo yote ni kweli ila hebu tuimalizie hiyo ya QPR, maana watu wanairuka. Tarehe 13 Mei 2012, dakika za nyongeza, straika mwenzake Agüero anampa mpira, jamaa ana beki mgongoni, anateleza, yupo chini kabisa lakini anausukuma kwa mguu ule mpira urudi kwa Agüero, akafunga. Watu wote wanamkumbuka Agüero na jezi yake anaizungusha. Ile ndo pasi pekee ya bao aliyotoa Balotelli kwenye ligi kuu tangu afike City, na ilileta ubingwa waliousubiri miaka 44.

Sasa Mzee wa Kona nikujibu swali lako. Pasi moja kwa miaka yote hiyo inakwambia yeye ni straika wa aina gani. Ni wa kusubiri. Anataka mpira uje mguuni, apige. Kwenye kupiga, kizazi kile waliomzidi walikuwa wachache sana. Angalieni penati zake: anakwenda taratibu, anakaribia kusimama, macho yapo kwa kipa sio kwenye mpira, kipa akishahamisha uzito upande mmoja tu yeye anauweka upande wa pili. Tangu aanze kucheza hakukosa hata moja kwenye mechi mpaka Septemba 2013 akiwa Milan, Reina, kipa wa Napoli, alivyogoma kujitupa mapema akaidaka. Sasa mtu mwenye utulivu ule mbele ya kipa, na watu 80,000 wanapiga kelele, nyie mnasema ana kichaa? (Japo mechi hiyohiyo alifunga bao kali la mbali halafu akala nyekundu filimbi ya mwisho ishapigwa, hapo sina la kumtetea.)

Shida ilikuwa mpira ukiwa kwa wapinzani. Prandelli, kocha wa timu ya taifa ya Italia, alimwekea Cassano pembeni na Pirlo nyuma yake, kazi ya kukaba wakafanya wengine. Liverpool aliletwa kuziba pengo la Suárez, mtu anayekimbiza mabeki dakika 90 kama anadai hela yake. Kocha wa pale Rodgers, timu yake yote ilikuwa inakabia juu, karibu na goli la wapinzani. Sturridge, straika ambaye ndo angecheza naye kaumia mapema, jamaa kabaki peke yake mbele anapewa mpira mgongo ukiwa golini. Hapo hata angekuwa mpole kama nini asingefunga. Fataki zilizolipuliwa bafuni kwake, ile fulana ya kuuliza kwa nini kila siku yeye tu, hayo ndo tunayoyakumbuka kwa sababu yana kelele. Siku moja baada ya fataki si alikwenda Old Trafford akapiga mbili City walivyoifunga United 6-1, na Evans, beki wa United, akala nyekundu kwa kumvuta yeye?

Bint Makorora
Kaka zangu mmechambua vizuri ila kuna jambo mnalipita. Huyu kazaliwa Palermo, wazazi wake Waghana, kalelewa na familia ya Kiitaliano huko Brescia tangu mdogo, na pamoja na hayo yote uraia kaupata Agosti 2008 alipofikisha miaka 18. Aprili 2009 mashabiki wa Juventus wanamwimbia nyimbo za ubaguzi mpaka klabu ikaadhibiwa kucheza bila mashabiki. Miaka kumi baadaye, Novemba 2019, yupo klabu ya Brescia wanacheza Verona, milio ileile ya ubaguzi, akachukua mpira akaupiga jukwaani akataka kutoka uwanjani. Wenzake na hata wapinzani wakamshika wakambembeleza abaki, na dakika za mwisho akafunga. Mimi siwezi kuweka hilo teke la Verona kapu moja na teke la Popov. Kila alichofanya tumekiita utukutu, hata pale alipokuwa na haki ya kukasirika.

Kocha U17
Dada umesema la maana sana. Mimi nafundisha vijana na ninaye dogo mmoja wa namna hii, akichezewa faulo bila filimbi basi dakika tano zinazofuata hayupo mchezoni. Nilichojifunza ni kwamba ukimgombeza mbele ya wenzake umempoteza wiki nzima, nasubiri mapumziko namwita pembeni. Cantona wa Manchester United alimpiga shabiki teke Selhurst Park 1995, kafungiwa mpaka mwisho wa Septemba, kocha wake Ferguson akamfuata hadi Paris kumshawishi asiondoke. Msimu uliofuata bao lake likaizamisha Liverpool fainali ya Kombe la FA na United wakabeba vyote viwili, kombe hilo na ligi. Balotelli ni kocha gani alikaa naye muda huo? Miaka sita Italia, England, Italia, England, Italia tena, Ufaransa.

Beki Tatu
Kocha, Mancini alikaa naye Inter na City na akamwita tena timu ya taifa 2018. Hakuna mtu aliyevumiliwa kama yule. Walishikana mashati mazoezini na bado alimpanga.

Mzee wa Kona
Nashukuru wote. Nje ya Boksi umenifungua kwenye hilo la kukaba. Lakini Nice ya Ufaransa je? Kaenda bure 2016, mabao 15 ya ligi msimu wa kwanza timu imemaliza ya tatu, wa pili kapiga 18.

Nje ya Boksi
Nice ndo ushahidi wangu mkuu. Kocha wa pale Favre, timu yake ilimiliki mpira, akamwacha akae kwenye boksi asubiri. Akaondoka Favre, akaja Vieira ambaye alishacheza naye Inter na City, anamjua ndani nje, akataka straika akimbie. Mechi kumi, bao hakuna. Januari 2019 kahamia Marseille, mabao 8 mpaka Mei. Tabia ileile, mtu yuleyule.