Mawe ya Umba, dughulushi za Amboni na hondohondo wa Amani: kamera ninayo, picha sina. Naanzia wapi?

vipuri_ngamiani
Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa wote. Niko Tanga mjini, Ngamiani, nina duka la vipuri vya pikipiki ila wikiendi siwezi kukaa ndani. Bro kaenda Oman kaniachia Canon yake ya kitambo, ina lenzi mbili, fupi ya 18-55 na ndefu ya 75-300, mbali na hiyo nina simu ya kawaida tu. Napenda vitu vitatu na vyote vinanishinda. Cha kwanza mawe, mjomba ana vijiwe vya bonde la Umba vilivyombakia tangu enzi akihangaika machimboni Kalalani, kuna kimoja kinabadilika rangi, mchana bluu ya kijani, usiku chini ya taa kinakuwa chekundu, kwa macho naona kabisa lakini kwenye picha kinatoka rangi hiyo hiyo mchana na usiku, na vile vingine vinatoka vyeusi tii. Cha pili maua ya porini, hasa dughulushi, zile wazungu wanazofuga kwenye vyungu madirishani, nimezipiga pale Amboni kwenye miamba, zinatoka kama pinki iliyofifia wakati mi nimeona zambarau iliyoiva. Cha tatu ndege, hapo ndo sisemi, hondohondo wa msitu wa Amani anatoka kivuli tu juu ya mti na nyuma mbingu nyeupe. Hela ya lenzi nyingine sina kwa sasa. Nirekebishe nini kwanza?

broka_mstaafu
Marahaba kijana. Kwenye hilo jiwe kamera yako inajifanya inajua. Kuna mpangilio wa rangi ya mwanga umewekwa otomatiki, kazi yake ni kuhakikisha nyeupe inabaki nyeupe hata chini ya taa ya njano, sasa wewe unataka kuona jiwe linavyobadilika kwa mwanga, yenyewe inayafuta mabadiliko hayo. Toa otomatiki, weka kwenye alama ya jua, uiache hapo hapo kwa picha zote mbili. Ya kwanza piga mchana barazani pasipo jua la moja kwa moja. Ya pili usiku, kwa balbu ya zamani ile yenye uzi ndani au hata mshumaa, usitumie hizi taa nyeupe za LED maana nyingi wekundu wake ni mdogo na jiwe litabaki njia panda. Picha ya usiku itakuja na unjano kila mahali, iache hivyo hivyo, ndo ukweli wenyewe.

Kinachotokea ni hivi, vito vya ganeti vya namna hiyo vina madini ya vanadiamu na kromu, hizo zinameza mwanga wa katikati kule kwenye njano na kuacha madirisha mawili, la bluu-kijani na la nyekundu. Jua lina bluu nyingi basi unaona dirisha la bluu, balbu ina nyekundu nyingi basi unaona la pili. Umba ina safaya, kito kingine, zinazofanya hivyo pia, kwa hiyo usikimbilie kusema ni ganeti kabla hajaliona mtu mwenye vifaa.

Hayo meusi nayo yana rangi, ni nzito tu, na umewasha flash ukaona mng'ao wa juu peke yake. Zima flash. Chukua kipande cha plastiki nyeupe, mfuniko wa ndoo unatosha, weka jiwe juu, tochi chini, mwanga upite ndani ya jiwe. Kama ni ghafi lisilokatwa lilowanishe kwa maji, ile mikwaruzo ya juu inajaa na unaona ndani vizuri. Wako wanaopaka mafuta, huo ni ujanja wa kuuzia, achana nao. Kamera iwe juu ya kitu kisichotikisika, tundu la lenzi f/8 mpaka f/11, tumia saa ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitingishe. Lenzi zako zote hazisogei karibu sana, kwa jiwe dogo mimi nashika lupu ya mara 10, kile kioo cha kukuzia, mbele ya kamera ya simu na inatoka vizuri kuliko unavyodhani. Na weka rula pembeni, jiwe lisilo na kipimo hata ukubwa wake hatuujui.

Halafu mwambie mjomba akitaka kuuza aende soko la madini, yapo tangu 2019, sio kubandika picha mtandaoni na bei bila leseni.

bustani_Muheza
Ahsante mzee kwa darasa. Mwanangu mimi nakujibu ya maua maana ndo ugonjwa wangu.

Dughulushi ni taabu kwa kila kamera usijione mjinga. Ile bluu-zambarau inajaa upande mmoja wa rangi mpaka inafurika, ikifurika ua linakuwa bapa, vishipa na vivuli vyake havionekani, na simu nazo zinaongeza chumvi zenyewe bila kuulizwa. Punguza mwanga, kile kipimo cha kujumlisha na kutoa kipeleke kwenye toa 1 hivi, picha itaonekana ina giza kidogo lakini rangi ipo, utaikweza baadaye ukifika nyumbani. Kama Canon yako inaweza kuhifadhi faili la RAW, yani picha ghafi kamera haijaichezea, tumia hilo. Na usipige jua likiwa limelipiga ua, subiri wingu au fungua mwavuli juu yake, ule mweupe, sio wa rangi maana rangi ya mwavuli inahamia kwenye ua.

Chini ya miti kuna ukijani unaoshuka na mwanga kutoka kwenye majani, hapo ndo pinki yako inapoharibika zaidi. Beba karatasi nyeupe, ipige picha pale pale penye ua, uiambie kamera hii ndo nyeupe. Karatasi hiyo hiyo ukiishika upande wa giza inarudisha mwanga chini ya petali. Umetembea na studio nzima ndani ya daftari.

Ila jamani mpige na mwamba wake. Watu wanakuja na picha ya ua limejaa fremu, lingeweza kuwa la kwenye chungu popote duniani. La kwetu linaota kwenye jiwe lenye kivuli na unyevu, hapo Amboni kwenye chokaa, kule Sigi na Amani kando ya vijito. Saint Paul, yule Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya hapa, alilipata 1892 akapeleka kwao, mwaka uliofuata Wendland akalipa jina la Saintpaulia ionantha, na mengi ya kwenye vyungu chimbuko lake ni Tanga hii hii. Kwa hiyo mwamba ndo habari. Usichume, using'oe majani ya jirani ili upate nafasi, na ukiweka picha zima ile alama ya mahali, wapo wanaotafuta pa kung'oa.

chumbageni_finest
Ndege rahisi sana kaka, pakua sauti zao mtandaoni, weka spika ya bluetooth chini ya mti, anakuja mwenyewe mpaka mita mbili, unamaliza kazi unarudi mjini kula chipsi

mtembeza_Sigi
Hapana bwana, hiyo tunaikataa kila siku. Ndege akisikia sauti ile anajua kavamiwa, anaacha kiota au kula anakuja kupigana na spika. Kuna kale kandege kadogo kenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui, kamepewa jina la Moreau mtafiti aliyefanya kazi Amani enzi za Waingereza, duniani kanajulikana Usambara mashariki na sehemu moja ya Msumbiji basi. Kila mgeni akikapigia spika si tutakamaliza. Na hizo picha za hivyo zote zinafanana, ndege kanuna.

Sasa wewe wa Ngamiani. Hondohondo wako ni mweusi kwa sababu kamera imeona mbingu nyeupe ikaogopa, ikapunguza mwanga. Ndege wa juu ya mti jumlisha 1 mpaka 2, mbingu iungue yote wala usijali. Lakini dawa hasa ni kutopiga kwenda juu. Barabara ya kupanda Amani ina kona nyingi, upande mmoja ni bonde, ukisimama hapo vilele vya miti viko usawa wa macho yako na nyuma ya ndege kuna msitu badala ya mbingu. Tafuta mkuyu wenye matunda, kaa, usitembee tembee. Hondohondo utamsikia mabawa kabla hujamwona. Kulukulu nao wanakuja kula hapo, usubiri aruke, ule wekundu wa bawa ni rangi yenye shaba ndani yake, shaba kweli ya madini, broka mstaafu atafurahi kusikia hivyo.

Msituni ISO, yani wepesi wa kamera kushika mwanga, peleka 1600 hata 3200, chenga chenga kwenye picha afadhali kuliko ukungu. Spidi isishuke chini ya 1/500 ukiwa umevuta mpaka 300, na kama mkono unatetemeka egemea mti.

Bundi wa Usambara pia yupo huku ila ukianza kuulizia bundi usiku vijijini uwe na mwenyeji, utaulizwa unamtaka wa nini na jibu la picha halitoshi 😂

mzee_wa_bamvua
Yote sawa lakini mbona mnampeleka mtoto msituni gizani na lenzi hiyo? Ile 75-300 inataka mwanga, na mwanga upo pwani bure. Aanzie huku.

Angalia maji. Yakiwa yamekupwa ndege wako mbali kule matopeni huwapati. Nenda yanapoanza kujaa, ukae chini kimya karibu na mikoko, maji yenyewe yanakusogezea ndege hatua kwa hatua, wewe usiwafuate, ukiwafuata wanaruka wote na siku imekwisha. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndo yanasogea sana. Ufuo unaotazama mashariki asubuhi jua linatoka baharini, utapata vivuli vitupu, nenda alasiri jua likiwa mgongoni. Hapo f/8, 1/1000, na wakiruka 1/2000, lenzi yako hiyo hiyo itakushangaza. Yangeyange ni mweupe mno, toa kidogo mwanga asiungue, yani kinyume cha hondohondo.

Kuanzia Septemba hivi mpaka Aprili kuna wageni. Yupo mmoja mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene, kazi yake kaa. Huyo anazaliana pande za Uarabuni na anataga ndani ya shimo mchangani. Kaka yako kaenda huko, yeye anakuja huku.

vipuri_ngamiani
Daah nashukuru sana wazee wangu na mama yangu wa Muheza. Mpangilio wa alama ya jua nimeupata, kumbe ulikuwa hapo hapo miaka yote. Ila mzee broka, hizo balbu za uzi zinapatikana wapi siku hizi? Maduka ya Barabara ya 12 wote wananipa LED tu

broka_mstaafu
Si unauza vipuri? Taa ya mbele ya pikipiki ya zamani, ya halojeni, ina uzi ndani. Unganisha na betri ya volti 12, itakaa mbali na jiwe kidogo isije ikalipasha moto, na usisahau kuzima taa nyingine zote za chumbani. Ukipiga weka zote mbili hapa, ya mchana na ya usiku, tuone kama mjomba kasema kweli.