Dawa ya unga ya mtoto: povu limeshuka, dawa iko chini ya mstari, niongeze maji?

MamaMdogo2
Wapendwa habari, naomba msaada wa haraka. Mwanangu ana miaka mitatu, kilo 14, sikio lilikuwa linamuuma, jana daktari kamuangalia kasema ni bakteria, kaandika amoksilini ya unga ile unachanganya mwenyewe nyumbani, 250 mg kwa kila ml 5, apewe ml 5 kutwa mara tatu siku saba. Usiku nikachanganya huku nimechoka hata macho hayafunguki, nikamimina maji mpaka kwenye mstari nikatikisa nikampa. Leo asubuhi nimempa ya pili akaitapika yote kama dakika kumi baadae, ndo nikaiangalia chupa vizuri naona dawa iko chini kabisa ya mstari, yani jana kilichofika kwenye mstari kilikuwa povu!! Niongeze maji sasa hivi? Na aliyotapika nirudie au nisubiri ya mchana? Kijiko natumia cha chai cha hapa nyumbani, kikombe chake kimepotea.

Mzee_Kijana
Pole mama. Wala usijitese, ongeza maji tikisa maisha yaendelee. Mi wangu wote nimewalea na kijiko cha chai, na homa ikishuka naacha dawa nabakiza kwenye friji, akiumwa mdogo wake nampa hiyo hiyo, hela haziokotwi.

DukaLaDawa_usiku
Mzee Kijana shikamoo, lakini hapo nakupinga yote matatu.

Mama, usiongeze maji. Jana pale pale ungeweza, ndo maana tunasema mimina nusu ya maji tikisa sana mpaka unga wote utoke chini, subiri povu litulie, ndo umalizie mpaka mstarini. Ila sasa umeshatoa dozi mbili, hiyo ni kama ml 10 imeondoka, lazima chupa ishuke hata kama jana ulichanganya sawasawa, kwahiyo huwezi kujua ni kiasi gani cha maji kilipungua na kiasi gani ni dawa mliyoitoa. Ukimimina mpaka mstari unaizimua. Rudi nayo ulikoichukua waambie kilichotokea, wengi watakuchanganyia nyingine pale pale, na hata ukitaka siku nyingine waombe wachanganye wao mbele yako. Kama ilikuwa nzito kidogo kwa hizo dozi mbili usilie, amoksilini kuzidi kidogo hivyo kwa kawaida haina madhara makubwa, labda tumbo.

Kutapika: ndani ya nusu saa hasa ikitoka yote unarudia dozi ile ile mara moja. Ikipita nusu saa hurudii unasubiri zamu inayofuata. Akitapika na ya kurudia usimlazimishe, piga simu kwa aliyemwandikia. Na ukisahau dozi mpe ukikumbuka, kama zamu inayofuata iko karibu iache hiyo uliyosahau, usimpe mbili kwa mpigo.

Kijiko cha chai tupa wazo. Vijiko vya nyumbani havilingani, kimoja kinabeba ml 3 kingine 7, na 250 si sawa na 125, kuna chupa za namna zote mbili na rangi zinafanana, ukikosea hapo umempa mara mbili au nusu. Omba bomba lisilo na sindano lenye namba, na kile kifuniko chake kidogo cha mbele tupa mbali, watoto wamekabwa nacho.

MamaMdogo2
Asante sana ubarikiwe. Swali lingine, friji au kabatini? Baba yake anasema friji, mimi nasema ataumia koo.

DukaLaDawa_usiku
Soma chupa, sio wote sawa. Amoksilini ikishachanganywa kwenye friji inakaa vizuri (usiigandishe), ukiona baridi inamsumbua toa dakika chache kabla. Ila kuna nyingine kama klarithromaisini ukiiweka kwenye friji inakuwa nzito na chungu mtoto anaitema yote. Halafu andika tarehe uliyochanganya kwenye chupa kwa kalamu, zikishachanganywa nyingine ni siku 7, nyingine 10, nyingine 14, baada ya hapo haina kazi. Ndo maana ile ya Mzee Kijana ya kumbakizia mdogo wake haifai, mbali na kwamba dozi inaendana na kilo za mtoto, na mafua ya kawaida ni virusi, antibayotiki haiyagusi.

Hesabu nyingine watu huwa hawaifanyi: ml 5 mara 3 mara siku 7 ni 105. Chupa nyingi ni ml 100. Ina maana dozi 20 badala ya 21, na ukimwaga mwaga kijikoni itaisha siku ya sita mama anasema dawa imeisha basi amepona. Waulize mapema.

BabaPacha
Naongezea ya kumnywesha maana mi nina wawili na wote wanapigana kama simba. Usimlaze chali ukamziba pua, dawa itaenda njia ya hewa. Mkalishe kwenye paja kichwa juu, bomba ingiza pembeni kati ya shavu na fizi, sukuma kidogo kidogo anameza, sukuma tena. Ukirusha yote kooni anatapika, nahisi hata wako ndo alivyofanyiwa hapo kwenye kijiko. Na usichanganye kwenye chupa nzima ya maziwa, akiacha nusu hujui kala dawa kiasi gani, kama ni lazima iwe kijiko kimoja cha kitu anachopenda. Wangu mmoja nampa achague nani ampe, mimi au mama, anajiona bosi anakunywa. Tikisa kabla ya kila dozi jamani, hii nilisahau siku tatu nikakuta unga umeganda chini, mwanzo wa chupa ni maji matupu.

Mzee_Kijana
Haya vijana mmenishinda, marahaba. Hivi na vipele? Mjukuu wangu alipewa hii akatoka vipele siku ya sita tukaacha.

DukaLaDawa_usiku
Babu, vipele vidogo vya bapa siku ya tano sita, mtoto anacheza tu, mara nyingi si mzio, ila mpigie daktari kabla ya dozi inayofuata aseme. Vikiwa vimevimba vinawasha vinahama hama, au midomo na uso kuvimba, anapumua kwa shida, hapo acha dawa mkimbize hospitali sekunde hiyo. Kuharisha kidogo ni kawaida mpe maji maji mengi, ukiona damu kwenye choo au anaharisha bila kukoma rudi. Na masaa 48 mpaka 72 yakipita homa bado ipo au sikio linazidi rudi pia, usijiongezee dozi.

MamaMdogo2
Nimerejea! Wamenichanganyia nyingine wamenipa na bomba, nimempa pembeni mwa shavu kama baba pacha alivyosema kanikodolea macho tu kameza. Mume wangu ndo anaandika tarehe kwenye chupa anasema friji imeshinda.