Procopius, Vetranio au Flavius Victor: nianze na sarafu ipi ya mnyakuzi?

Hazina ya Kale
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekuwa nikikusanya sarafu za shaba nyeusi za ukoo wa Constantine, kaisari wa Roma, na sasa nataka kuingia kwa wale waliojitangaza makaisari bila idhini ya ukoo uliokuwa ukitawala. Magnentius, mnyakuzi wa magharibi, ninaye tayari, ile sarafu kubwa yenye alama ya Kristo katikati ya Alfa na Omega. Fedha nilizotenga zinatosha sarafu moja ya adimu, si tatu. Nepotian, mnyakuzi mwingine, nimemwacha, kwa kuwa alishika Roma siku 28 tu mwezi Juni 350 na sarafu zake hazikamatiki kwa bei. Naomba mnilinganishie hao watatu waliobaki: Procopius, Vetranio na Flavius Victor.

Mzee wa Sarafu
Mimi ningeanza na Procopius. Alijitangaza Constantinople tarehe 28 Septemba 365 wakati Valens, kaisari wa mashariki, yuko safarini, akadai undugu na Julian, kaisari wa mwisho wa ukoo wa Constantine, na kufikia tarehe 27 Mei 366 alikuwa amekatwa kichwa. Madai hayo unayaona kwenye uso wake, kwani alichorwa na ndevu kama Julian, ilhali Valens na kaka yake Valentinian, kaisari wa magharibi, wananyolewa kidevu. Nyuma aliandika REPARATIO FEL TEMP, yaani kurejeshwa kwa nyakati za heri, maneno yaliyowakumbusha watu enzi ya wana wa Constantine. Ziligongwa Constantinople, Heraclea, Nicomedia na Cyzicus. Ubaya wake ni kwamba ni ndogo, nyingi zimelika, na iliyo safi huuzwa ghali sana mnadani.

Binti wa Pwani
Namheshimu Mzee, lakini kwa mkusanyaji ambaye tayari ana Magnentius, Vetranio anakamilisha habari ileile ya mwaka 350. Magnentius alipomwondoa Constans, mwana wa Constantine, katika nchi za magharibi, majeshi ya Illyricum (eneo la Balkani) yalimtangaza Vetranio, jemadari mzee, tarehe 1 Machi, naye akaiziba njia ya kuelekea mashariki hadi Constantius II, ndugu yake Constans na kaisari wa mashariki, alipofika mwezi Desemba. Hapo akavua vazi la enzi bila vita, akapewa matunzo na kuishi Prusa (Bursa ya leo, Uturuki) kwa amani miaka kadhaa, jambo ambalo wanyakuzi wengine hawakulipata. Sarafu zake za kiwanda cha Siscia (Sisak ya leo, Croatia) zina maneno HOC SIGNO VICTOR ERIS, "kwa alama hii utashinda", zikimwonyesha kaisari ameshika bendera ya alama ya Kristo huku Ushindi, mungu wa kike, akimvika taji. Kinachonivutia zaidi ni kwamba kiwanda hichohicho, wakati huohuo, kiligonga sarafu za mchoro uleule kwa jina la Constantius II, kwa hiyo mnyakuzi alikuwa akimtambua kaisari halali ndani ya mfuko mmoja wa fedha. Ya Constantius ni ya bei nafuu. Ukiziweka mbili hizo pamoja na Magnentius wako, unaona pande zote tatu za mgogoro bila kufungua kitabu.

Mchunguzi
Hapo hapo pana mtego. Kwa kuwa michoro ya nyuma inafanana, mlaghai huchukua sarafu ya Constantius iliyofifia, akaparua jina na kuchonga VETRANIO. Angalia kwa kioo cha kukuzia eneo linalozunguka herufi za jina: uso wa sarafu ukiwa umeshuka pale tu, au kutu ya kijani ikiwa imekatika pembezoni mwa herufi huku kwingine imetanda sawasawa, iache. Jina lazima lisomeke upande wa kichwa, kwa sababu mchoro wa nyuma hauthibitishi chochote. Kwa Procopius kuna kinga moja zaidi, ndevu, ingawa nazo huchongwa juu ya kidevu cha Valens. Pia pima ukingo: sarafu ya kumimina huacha mshono na vitundu vya hewa, ya kugongwa haina. Unga wa kijani hafifu unaorudi baada ya kufutwa ni ugonjwa wa shaba, na huila sarafu ikihifadhiwa penye unyevu.

Jingine: Bulgaria, Serbia na Ugiriki zinahesabu sarafu zinazochimbuliwa kuwa mali ya taifa. Dai historia ya umiliki iliyoandikwa, hasa kwa Vetranio, maana nyingi zinatoka huko.

Hazina ya Kale
Asanteni sana. Flavius Victor hajatetewa na mtu?

Mzee wa Sarafu
Ni mwana wa Magnus Maximus, aliuawa mwaka 388 muda mfupi baada ya baba yake. Sarafu zake za SPES ROMANORVM zenye lango la kambi na nyota ni za milimita 13 hivi, na jina mara nyingi limekatwa na ukingo. Bei yake ni nafuu kuliko ya wengine wawili, lakini kwa jina lisilosomeka utabaki ukibishana na wageni kama ni yeye au baba yake.

Hazina ya Kale
Basi nimeamua Vetranio, na Constantius wa mchoro uleule nitamnunua kwanza ili nijifunze mkono wa kiwanda. Natafuta iliyogongwa Siscia yenye jina zima lisilochezewa, hata kama upande wa nyuma umelika. Mwenye nayo yenye hati aniandikie.