Nimeuziwa RAM (memori ya kompyuta) mbovu, gemu linakrashi kila siku, na fundi dawa yake ni moja tu: kupiga Windows upya!

Wakuu habari za jioni. Mods naomba msiunganishe huu uzi na ule wa maswali ya kompyuta, sijaja kuuliza, nimekuja kulalamika.

Niko Ilazo hapa Dodoma. Kompyuta yangu ni ile ya ofisi iliyotumika, ya mtumba (sio Mtumba kwenye Mji wa Serikali, mtumba wa kawaida), nikaichomekea GPU (kadi ya picha) ndogo. Gemu langu ni moja tu, la mbio za magari, nimelinunua kihalali kwa hela yangu, kwa hiyo yule anayekuja na "mkuu hilo litakuwa kreki" apite kimya kimya. Nilikuwa na RAM GB 8 na gemu lilikuwa linapiga, linakwamakwama kidogo ukiingia sehemu yenye magari mengi ila halijawahi kujizima hata siku moja. Watu wakanambia ongeza RAM. Nikaenda duka moja mjini nikauziwa kipande kingine cha GB 8, elfu hamsini na tano, kijana akakichomeka mwenyewe, mashine ikawaka ikasoma 16, nikarudi home nafuraha kama mtoto.

Ndo mateso yakaanza.

Lapu ya mwisho, naongoza, nimebakiza kona mbili, skrini inaganda, sauti ya injini inajirudia trrrrrr kama cherehani, halafu paa, niko desktopu natazama picha ya wanangu. Hakuna meseji, hakuna chochote. Nafungua tena, dakika kumi, paa. Siku nyingine inaenda lisaa lizima mpaka unaanza kuamini imepona, halafu paa. Wife akawa ananicheka, "baba nanihii leo umefika wapi?"

Nikapigia dukani. "Kaka hiyo RAM iko freshi kabisa, hiyo ni draiva." Haya, nikafuta draiva ya GPU (programu inayoiendesha hiyo kadi) nikaweka mpya. Paa. Nikasema labda joto, maana nyie mnaoishi huku mnalijua vumbi letu kipindi hiki cha upepo, nikafungua keisi nikapuliza, likatoka vumbi jekundu la kutosha kuotesha mchicha, nikabadilisha na pesti ya prosesa. Joto likashuka kweli. Gemu? Paa.

Nikampelekea fundi. Huyu ndo kaniumiza zaidi. Hakuuliza inazimaje, inazima saa ngapi, umeongeza nini karibuni, akaangalia mashine kama daktari anayeandika dawa kabla hujakaa, "Windows imechoka hiyo bosi, niachie mpaka jioni". Elfu ishirini. Jioni naenda kuchukua nakuta kafomati mpaka diski D, nilikokuwa nimeweka gemu!! GB 70 na ushee, nimelidaunlodi wiki mbili kwa bando za usiku. Namuuliza mbona hukuniuliza, ananiambia "si utalishusha tena". Nishushe na bando la nani? Nikalishusha hivyo hivyo, likakrashi. Nikarudi, AKAPIGA WINDOWS TENA. Mara ya pili angalau D aliiacha.

Ikabidi nikae chini mwenyewe. Ukiandika eventvwr kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows kunafunguka daftari la makosa yote ya mashine, lipo siku zote na ni bure, na hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyelifungua. Mimi nimeona mistari kibao ya Event ID 1000 (programu imekrashi), kodi ya kosa 0xc0000005, yaani programu imegusa sehemu ya memori isiyotakiwa. Kodi hiyo peke yake haitoshi, inaweza kuwa gemu lenyewe. Kilichonishtua ni kwamba faili linalotajwa kufeli lilikuwa linabadilika kila mara, leo ntdll.dll (faili la Windows yenyewe), kesho faili la draiva, keshokutwa gemu lenyewe. Kama kosa ni la faili moja lingetajwa lile lile. Likitangatanga hivyo unaanza kuitazama RAM kwa jicho baya.

Kile kipimo cha RAM cha Windows yenyewe kilinambia RAM haina tatizo, msikiamini sana. Nikaweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nikawasha nayo saa nne usiku. Haikufika dakika ishirini mistari myekundu imejaa skrini. Nikachomoa kipande kipya nikaacha cha zamani kikapimwa mpaka asubuhi: sifuri. Nikakiweka kipya peke yake, nyekundu. Nikakihamishia sloti nyingine maana isije ikawa ni ubao ndo mbovu, nyekundu vile vile. Tangu juzi niko na GB 8 zangu za zamani, nimecheza masaa matatu mfululizo, inakwamakwama kama zamani ila haizimi.

Leo nimekirudisha. Jamaa ananionyesha risiti kwa kidole, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Namuonyesha picha za skrini nyekundu, ananiambia hiyo programu yangu ndo ina virusi. Virusi!! Programu inayowaka kabla hata Windows haijaamka!

Mdau mmoja kanambia hayo maandishi ya risiti yasinitishe, kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, muuzaji hakwepi bidhaa mbovu kwa mstari mmoja, niende FCC (Tume ya Ushindani). Kwa elfu hamsini na tano? Nitaenda, sababu sio hela tena hapa.

Ila kwanza kesho saa tatu asubuhi narudi pale dukani na flashi mfukoni. Ichomekwe kwenye mashine yao wenyewe, mbele ya wateja, tukae tusubiri hizo dakika ishirini. Aliyeko karibu na Jamatini hapa mjini na ana muda aje, nahitaji shahidi.