Niache upimaji wa viwanja nikasome PhD ya jiodesia (sayansi ya kupima umbo na mwendo wa dunia)? Naombeni ushauri

NguzoYaPwani:
Habari za humu ndani wakuu. Nina miaka 30, mtoto wa kwanza kwetu, mpimaji ardhi kwa taaluma. Shahada zote mbili nimesomea jiomatiki, yaani upimaji na ramani, na mwaka wa tano sasa niko kampuni binafsi, tunapima mashamba na viwanja kuanzia Kibaha hadi Kilwa.

Kilichonisukuma ni hiki. Mwaka juzi tulikwenda kufufua bikoni, yaani alama za zege za mipaka, za shamba la mzee mmoja. Ramani yake ni ya zamani, ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo wa huku kwetu, mwenzangu akaingiza namba zile zile kwenye risiva (kipokezi cha setilaiti) iliyosetiwa WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS. Rova, ile risiva ya kutembea nayo, ikatupeleka zaidi ya mita 300 kutoka mahali pake, katikati ya mihogo ya watu. Mzee hakugombana nasi. Alitutangulia hadi chini ya mkorosho, akafagia majani kwa bapa la panga, bikoni ikaonekana: zege limeota kuvu, namba bado inasomeka. Kosa tulilirekebisha siku ile ile, ila mimi sikulala. Somo la datumu, yaani msingi ambao namba za ramani huhesabiwa kutoka kwake, nilikuwa nimelifaulu vizuri chuoni, lakini pale shambani niligundua sikuwahi kulielewa.

Tangu hapo nasoma usiku. Sasa nimepata nafasi ya PhD Ulaya, miaka minne, kuhusu mwendo wa mabamba ya dunia kwenye Bonde la Ufa kwa vipimo vya setilaiti. Posho ni ya kumtosha mtu mmoja. Kampuni nayo inataka kunipa usimamizi wa timu, na nina wadogo zangu wawili shuleni. Nifanyeje?

MzeeWaTripodi:
Binti yangu, hongera kwanza. Nimebeba tripodi miaka 26, kwa hiyo nakwambia kama mzazi: usiondoke bila kukamilisha usajili wako wa upimaji. Ukirudi na PhD bila usajili, hata kusaini ramani ya kiwanja cha mama yako hutaweza. Na hao wadogo, kaa na wajomba na mashangazi mapema, mkubaliane nani anabeba ada ya nani, msiachie kwenye "tutaona".

Hiyo mita 300 yako haina uchawi. Arc 1960 imejengwa juu ya duaradufu (umbo laini la hesabu linalowakilisha dunia) ya Clarke ya 1880, na kitovu chake hakikai kwenye kitovu cha dunia kama WGS84. Vijana wengi wanabonyeza tu. Wewe umeuliza, na hilo limenifurahisha sana.

Milimita:
Dada, niko kwenye utafiti huu mwaka wa 11, nafundisha chuo kikuu. Nikueleze siku zinavyokwenda, maana wengi wanadhani ni kukaa na setilaiti.

Sehemu kubwa ni kompyuta. Unapakua mafaili ya vituo, yaani risiva zilizosimikwa mahali pamoja zikirekodi muda wote, unayachakata kwa programu kama GAMIT ya MIT, unatafuta kwa nini kituo kimoja kimeruka sentimita mbili usiku mmoja. Mara nyingi mtu kabadilisha antena na hakuandika. Ukanda wetu wa ikweta una taabu yake pia: jua likishazama, ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chaji za umeme, inachafuka, mawimbi yanayumba, na miaka ambayo jua lina madoa mengi ndiyo mbaya zaidi.

Halafu kuna safari. Kituo kikikata mawasiliano unabeba betri kwenye bodaboda. Kuna siku nilifungua sanduku la risiva nikakuta nyigu wamejenga hadi kwenye soketi ya waya wa antena. Kituo kile kinaishi mpaka leo kwa sababu mlinzi wa shule hufuta vumbi kwenye paneli ya sola kila Jumamosi bila kuombwa. Watu kama yeye wajue kwa majina, na jina lake liwemo kwenye shukrani za makala yako.

Kubwa kuliko yote ni subira. Mabamba ya Nubia (magharibi mwa Bonde la Ufa) na Somalia (mashariki mwake) yanaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ukiwa na data ya chini ya miaka miwili na nusu, mvua na kiangazi vinainua na kushusha ardhi kiasi cha kukudanganya kasi yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulize msimamizi: vituo vimeshaanza kurekodi tangu lini? Akisema mtavijenga mwaka wa kwanza, PhD ya miaka minne itakubana mno.

MajiNaBarabara:
Naunga mkono, ila angalia na jioidi, yaani usawa wa bahari unaofuata mvutano wa dunia. Ukisimama na risiva ufukweni Dar es Salaam, kimo cha duaradufu kinakwambia uko zaidi ya mita 20 chini ya usawa wa bahari, na wewe umekanyaga mchanga mkavu. Sisi wa mabomba tunahitaji kujua maji yataelekea wapi, na duaradufu haijui hilo. Ukirudi na ujuzi huo, wizara, miji na miradi ya maji watakuhitaji.

NguzoYaPwani:
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mzee wangu, shikamoo, fomu za usajili nimeanza kujaza leo. Milimita, nimemwandikia msimamizi swali lako kama lilivyo. Nikisubiri jibu, nataka kujua kama kazi hii naipenda kweli au naipenda kwa mbali. Naanzia wapi?

Milimita:
Maabara ya jiodesia ya Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, inatoa matokeo ya vituo vingi vya dunia bure. Chukua viwili: MAL2 ya Malindi, Kenya, na MBAR ya Mbarara, Uganda. Chora mwendo wa kila kimoja kwa miaka, utaona vyote vinakimbilia kaskazini mashariki zaidi ya sentimita mbili kwa mwaka. Kisha toa kimoja kwenye kingine, ubaki na ile tofauti ndogo. Kaa nayo wiki nzima usiku baada ya kazi, utafute kila mruko umetoka wapi, halafu uje utuambie ulichokiona.