Ratiba ya Jumamosi: nani analala saa ngapi

Baba Idrisa: Jamani, ratiba hii hapa. Mlango wa bustani ya michezo unafunguliwa saa 3 asubuhi, sisi tuwe pale saa 2 na nusu. Michezo mikubwa hadi saa 6. Chakula. Saa 7 hadi saa 11 treni na upande wa maji. Saa 12 gwaride. Saa 3 usiku fataki, halafu tunaondoka. Tiketi ni ya siku nzima, tuitumie yote 💪

Zai: Nipo!!

Mama Salma: Kaka, nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali palipoandikwa kupumzika.

Baba Idrisa: Kwani kula si kupumzika?

Mama Idrisa: Kula kwenye ukumbi uliojaa, Amani yuko pajani anataka kushuka, wewe unatafuta tishu. Ukimaliza utuambie kama umepumzika.

Baba Idrisa: 😂 Basi foleni. Nusu saa nzima watu wamesimama tu, hawafanyi kitu.

Mama Salma: Foleni inawachosha kuliko mchezo wenyewe. Mtoto wa miaka 4 anaambiwa simama, usiguse kamba, usimsukume wa mbele, bado kidogo, bado kidogo. Anajizuia dakika 30 ili apande kitu cha dakika 2. Akishuka unampeleka foleni nyingine. Ya tatu akijitupa chini tunasema ana deko.

Baba Salma: Shemeji, hebu tuhesabu. Amani anaamka saa ngapi?

Mama Idrisa: Saa 12 asubuhi. Hata iwe sikukuu.

Baba Salma: Fataki saa 3, kutoka na umati wote ule, gari, kuoga. Mpaka alale ni saa 5 usiku. Masaa 17 macho, mtoto wa miaka 2. Madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016: wa miaka 1 hadi 2 walale masaa 11 hadi 14 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Wa miaka 3 hadi 5, masaa 10 hadi 13. Kwa ratiba yako Amani hafiki hata kwa kukopa.

Zai: Shemeji na hesabu zake 😅

Bibi: Wanangu hamjambo. Amani alale kwenye kigari. Mfunikeni na shuka jua lisimpige.

Mama Salma: Shikamoo Mama. Kigari sawa kabisa. Ila shuka tusilishushe likafunika kigari kizima, hewa haipiti na joto la ndani linapanda upesi, na uso wake hatuuoni. Tutumie kile kivuli chake cha juu, tukiegeshe pasipo na jua. Na kifeni kidogo cha betri.

Bibi: Marahaba. Nyinyi tuliwafunika na mkakua. Lakini haya.

Mama Idrisa: Swali langu mimi ni hili: tunarudi hotelini mchana au tunabaki ndani?

Baba Idrisa: Tukitoka tumepoteza siku. Kutembea hadi mlangoni, kutafuta gari, dakika 25 za barabara, kurudi, ukaguzi wa mabegi tena. Karibu masaa 2 yanakwenda njiani.

Mama Salma: Hayo masaa ni ya saa 6 hadi saa 9, Kaka. Ndipo foleni zinakuwa ndefu na jua ni kali. Foleni fupi ni za asubuhi mlango ukifunguliwa, na jioni familia zenye watoto zikianza kuondoka. Wewe unataka kulinda saa mbaya kuliko zote.

Baba Idrisa: Hmm

Mama Idrisa: Mimi naogopa kitu kingine. Amani akisinzia ndani ya gari dakika 10, akishtuka pale maegesho, usingizi wa mchana umekwisha. Hatalala tena, na hatakuwa amelala.

Baba Salma: Hilo kweli. Akisinzia njiani mimi nabaki naye ndani ya gari, kiyoyozi kinawaka, mpaka aamke mwenyewe. Lakini awe na mtu mzima. Asiachwe peke yake kwenye gari hata dakika moja, gari lililofungwa linakuwa tanuri.

Zai: Na Idrisa? Ana miaka 7, halali mchana, ataniambia "Shangazi mbona tunaondoka" mpaka masikio yazibe.

Mama Salma: Idrisa abaki. Wewe na Baba Idrisa mbaki naye kwa michezo mikubwa. Sisi wenye wadogo tunatoka. Nani alisema lazima twende kama msafara?

Baba Idrisa: Hii sasa naielewa 😌

Mama Idrisa: Subiri usifurahi. Idrisa naye apumzishwe. Hasemi amechoka, anaanza kucheka ovyo, anajikwaa, halafu anakataa kitu alichokiomba wiki nzima. Ukiona hivyo umeshachelewa. Mpeleke kwenye onyesho la ndani lenye viti na ubaridi, au ile treni ya polepole inayozunguka bustani. Viatu avue.

Baba Idrisa: Kabla hajaomba?

Mama Idrisa: Kabla hajaomba. Weka kengele kwenye simu.

Mama Salma: Kengele tunayo tayari, ni Nuru 😂 Ana miezi 5, ananyonya kila baada ya masaa 2 au 3. Nikikaa kunyonyesha, wote mnakaa. Maji, choo, nepi ya Amani, losheni ya jua. Losheni yenyewe inatakiwa kurudiwa kila masaa 2, kwa hiyo inaingia humo humo. Nuru hapakwi kwa sasa, yeye ni kivuli, kofia na nguo nyepesi. Wala maji hapewi, atanyonya zaidi kukiwa na joto.

Zai: Utanyonyeshea wapi na kelele zote zile?

Mama Salma: Bustani kubwa huwa na chumba cha watoto wachanga, za Disney zinazo kabisa, na viti vya kunyonyeshea na meza za kubadilishia nepi. Nitaangalia kwenye ramani yao leo usiku. Hata wewe usiye na mtoto kariri kilipo, na kilipo chumba cha huduma ya kwanza. Mtoto akilalamika kichwa, kizunguzungu au kutapika kwa joto, mtoe juani, mpoze, anywe maji kidogo kidogo. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au kuzimia, hapo ni kuita msaada mara moja.

Baba Salma: Jambo lingine, Shemeji. Salma na Idrisa tuwapime urefu nyumbani, tulinganishe na orodha ya bustani kabla ya kuahidi chochote. Kupanga foleni halafu kurudishwa mlangoni, hicho kilio hakina dawa.

Mama Idrisa: Na ule utaratibu wa kupokezana? Mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki nje na wadogo, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya.

Baba Salma: Bustani za Disney na Universal wanao. Huku kwetu tutamuuliza mhudumu wa mchezo kabla ya kuingia foleni, si baada. Na anayebaki nje AKAE. Asizungushe watoto madukani.

Zai: Sehemu ya kuchezea watoto je, ile ya kukwea na kuteleza? Hiyo ni kupumzika?

Mama Salma: Kwa Salma ndiyo. Akitoka foleni anahitaji kukimbia bila kuambiwa acha. Kwa mtu mzima anayemlinda si kupumzika hata kidogo, kwa hiyo tupeane zamu.

Mama Idrisa: Kigari kimoja au viwili?

Mama Salma: Viwili. Salma atasema yeye mkubwa, mpaka saa 5 asubuhi. Pimeni na ukubwa wa vigari, bustani nyingine zina kiwango. Disney za Marekani kwa mfano, upana usizidi sm 79 na urefu wa mbele hadi nyuma sm 132.

Baba Idrisa: *Ujumbe umefutwa*

Zai: Umefuta nini Kaka 👀

Baba Idrisa: Nilitaka kusema fataki ni lazima. Nimejizuia.

Mama Idrisa: 😂😂 Fataki tutaamua saa 12 jioni tukiwaona walivyo. Waliolala mchana wanaweza. Nuru hapana, mlipuko ule masikioni mwake sitaki. Na msiwatajie watoto fataki kuanzia leo, mkiahidi tumefungwa.

Baba Idrisa: Sawa. Ratiba mpya. Saa 2 na nusu mlangoni. Michezo miwili ile yenye foleni kubwa, halafu Nuru ananyonya, wote tunakaa. Mchezo mmoja au miwili ya wadogo. Chakula saa 5 na nusu kabla ukumbi haujajaa. Saa 6 wadogo wanatoka. Mimi, Zai na Idrisa tunabaki, saa 8 tunaingia onyesho la ndani. Saa 10 tunakutana gwaride linapoanzia, tunawahi sehemu yenye kivuli.

Baba Salma: Hapo kwenye "wanatoka", ulizia kama tiketi inaruhusu kuingia tena siku hiyo hiyo. Kwingine wanapiga muhuri mkononi, kwingine ukitoka umetoka.

Baba Idrisa: Nawapigia sasa hivi.

Bibi: Mimi niandikeni na wanaolala.

Mama Salma: Umeandikwa wa kwanza, Mama.

Baba Idrisa: Wamesema inaruhusu, ila tiketi ioneshwe tena mlangoni.

Mama Idrisa: Na tiketi zote ziko kwenye simu yako, wewe unayebaki ndani. Zitume hapa.

Baba Idrisa: 😳 Zinakuja.