Namtafuta babu yake bibi yangu: mwenye shamba la mikarafuu Pemba na karani wa kadhi

Mjukuu wa Chake
Assalaam alaykum ndugu zangu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akituhadithia habari za babu yake, aliyekuwa na shamba la mikarafuu nje kidogo ya Chake Chake na huku akimwandikia kadhi hati zake. Alisema tufani kubwa ilipoipiga Unguja, yeye tayari ana watoto. Ninalo jina lake na la baba yake, basi. Na karatasi moja ya Kiarabu, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka, wino umegeuka kahawia. Chini pana mwaka 1301. Nilikwenda ofisi moja nikaambiwa nilete nambari ya hati. Nambari hiyo nitaitoa wapi? Naombeni mnielekeze nianzie wapi.

Kalamu ya Mwanzi
Wa alaykum salaam. Mwaka 1301 ni wa Hijria, yaani 1883 hadi 1884, zama za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Tufani ni ile ya Aprili 1872. Iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika sehemu kubwa. Sasa mtafute mwalimu wa chuo cha Kurani akusomee mstari wa mwisho. Makarani walizoea kufunga kwa "katabahu", yaani "ameyaandika haya", kisha jina. Likiwa lake, basi huo ni mwandiko wa mkono wake, na kwa mwandiko huo utazitambua na hati nyingine.

Mkaa Kilimani
Nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Lakini usimtafute kwa jina lake tu. Wenye mashamba wengi wa wakati ule walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi kwa bei khiyari: unauza shamba, ila una haki ya kulirudisha ukilipa ndani ya muda mliokubaliana. Wakopeshaji wengi walikuwa chini ya himaya ya Waingereza, hivyo mikataba yao ilisajiliwa kwa balozi mdogo wa Uingereza. Mtafute aliyemkopesha, utamkuta na mkopaji. Majina nayo yaliandikwa kama yalivyosikika, kwa hiyo Khamis ukamwangalie na kwenye Hamis. Kama shamba liliwekwa wakfu, pitia pia kumbukumbu za Kamisheni ya Wakfu, iliyoanza 1905.

Na ukienda kuuliza wazee kule shamba, tangulia kuwaambia hukuja kudai ardhi. Baada ya 1964 mashamba mengi yalichukuliwa na serikali na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Mtu akikuona na karatasi kongwe mkononi, lazima aingie wasiwasi.

Binti Ngezi
Mimi nina ombi. Amri ya kufuta utumwa ilitoka 6 Aprili 1897, na waliokuwa na watumwa waliruhusiwa kudai fidia mahakamani. Madai hayo ni mahali pa kumtafuta babu yako, kama alikuwa hai. Ila humo mna na majina ya waliomfanyia kazi. Mimi natokana na watu hao. Mzee wetu tunamjua kwa jina moja tu, halina "bin" mbele yake. Ukifungua daftari, usiruke majina yale. Yanakili yote, ndugu yangu.

Mjukuu wa Chake
Nimerudi. Mwalimu amenisomea, na jina la chini ni lake, na mbele yake pameandikwa "kwa mkono wake". Nilikaa kimya muda, nikaiangalia ile herufi ya kaf alivyoivuta ndefu.

Ni hati ya mtu mwingine kuuza kipande cha shamba, babu ni mwandishi tu. Lakini mipaka minne imetajwa, na upande wa matlai, yaani mashariki, pamesemwa "shamba la mwandishi wa haya". Upande wa kibla lipo jina la ukoo ambao watu wake wapo mpaka leo. Ijumaa baada ya sala nakwenda kwao.

Binti Ngezi, nimekusikia. Daftari la Kilimani nitaliandika pamoja na majina yale yote, na nakala ya kwanza nakuletea wewe.